Picha Arobaini na Moja za Baba Mkubwa

Ngaramtoni, Jumapili alasiri

Ndeshi mwanangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi unipe neno lako, hata kama siko hapo kulisikia. Haya nitakayoandika yakae na wewe peke yako. Usimsomee rafiki wa bweni, hata yule utakayempenda kuliko wote. Usimwambie bibi yako akikupigia kupitia simu ya matroni. Nimesikia kwamba huko shuleni barua hufunguliwa, ndiyo maana hii nimeificha chini ya kadibodi ya tranka. Ukimaliza kusoma irudishe hapo hapo. Najua naongea kama mwizi. Sijaiba kitu. Ila baraza la kata linakaa Alhamisi, na mtu mmoja akijua mapema nilicho nacho, ninaweza kulipoteza shamba la baba yako na kaburi lake ndani yake.

Umeenda kunyolewa nywele, na nimekadiria nina saa moja na nusu kabla hujarudi na kichwa kipya. Mambo ya ndoo, sabuni na soksi yako kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya kifuniko cha tranka. Hapa sitayagusa.

Hapa nakujibu swali. Siku ya pili ya Krismasi, tulipokuwa tunarudi kutoka kwa bibi, uliniuliza, "Mama, kwa nini hukupokea?" Nikakwambia ufunge dirisha, vumbi linaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hukuuliza tena. Una miaka kumi na tatu na tayari umejifunza kutoniuliza. Hilo ni kosa langu la kwanza katika barua hii.

Ulichokiona siku ile ni baba yako mkubwa, Zablon, amesimama mlangoni kwa bibi na isale mkononi, jani limefungwa fundo, amenyoosha mkono, na mimi nimeweka mikono yangu nyuma. Ulimwona bibi akilia. Unajua isale ni nini kwetu. Mtu akikuletea jani lile lenye fundo, anaomba msamaha, na aliyeletewa hakatai, hata kama amemwaga machozi miaka mingi. Akishapokea, shauri limekufa. Lakini isale ndilo pia tunalolipanda mpakani, kati ya kihamba cha mtu, shamba lake la urithi, na cha jirani yake. Hatujengi ukuta, tunapanda masale. Baba yako mkubwa ameyatumia kwa kazi zote mbili, na zote mbili juu yangu.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Tulimzika katika kihamba chake, pale juu ya Kikatiti, ubavuni mwa kihamba cha kaka yake, kati ya migomba na kahawa. Kaburi lilikuwa hatua saba kutoka kwenye mstari wa masale. Nakumbuka kwa sababu nilizitembea mwenyewe asubuhi ya maziko, nikiogopa watu wengi watakanyaga mpaka na kuleta maneno. Hivyo ndivyo nilivyo, naogopa maneno hata siku ya kumzika mume wangu. Leo nikitembea kutoka kwenye masale hadi kaburini ni hatua mbili.

Masale ukiyang'oa ardhi ikiwa na maji na kuyachomeka mbele kidogo, yanashika bila shida. Majani yanalegea kwa wiki moja, kisha yanasimama, na anayepita anaona mstari ulionyooka kana kwamba babu ndiye aliyeupanda. Zablon alikuwa anausogeza kila mvua, robo hatua, wakati mwingine nusu hatua. Mwaka wa kwanza nilidhani macho yananidanganya. Mwaka wa pili nilidhani ni majonzi. Nilikaa miaka minne nikipima kwa macho kabla ya kurudi kupima kwa miguu, mimi ninayefanya kazi masjala ya wapima ardhi, ninayeshika mafaili ya mipaka ya watu wengine kutwa nzima. Utauliza kwa nini sikuwaita wapimaji. Kupima rasmi kunataka saini ya jirani, na jirani ni yeye.

Vuli ya mwaka juzi nilimkuta. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imekatika, nami nimeenda kukata majani ya mgomba. Alikuwa ameinama mpakani, isale mikononi. Nikatoa simu, nikapiga picha moja, nikaondoka kwa vidole vya miguu. Nilifurahi. Mimi ni karani, nilifikiri waraka mmoja wenye muhuri unatosha.

Nikaomba kikao cha ukoo. Wakaja wazee wanane, bibi yako, shangazi zako. Nikamwamkia Zablon shikamoo, akaitikia kwa upole kama siku zote. Ni mzee wa kanisa, unajua sauti yake. Nikaonyesha picha. Simu ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akacheka kidogo.

"Mama Ndeshi," akasema, "hapa si ninapanda? Ng'ombe walikuwa wameling'oa, nikalirudishia. Nilikuwa nakulindia mpaka wako, shemeji."

Ndeshi, nikaitazama upya ile picha. Mtu ameinama, ameshika mmea, mizizi haionekani. Anang'oa au anapanda? Mimi niliyekuwepo nilijua. Picha haikujua.

Wazee wakaanza kucheka. Mmoja akasema mjane akikaa mjini sana anaota wezi. Mwingine, mkubwa kuliko wote, akaniambia kwa upole, "Sasa mwanangu, shemeji yako amekufanyia kazi. Mshukuru."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Watu kumi na wawili walikuwa wananitazama, wananisubiri. Nikasema asante. Zablon akajibu, "Karibu tena." Kila nilipoenda kijijini tangu siku hiyo alinisalimia kwa kuniuliza, "Masale yako hayajambo?" na wanaopita wakacheka. Ile asante ndiyo kosa ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kufanya, na nimefanya mengi. Shamba mtu anaweza kuninyang'anya nikiwa sipo. Lile neno nilimpa mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ofisini kwetu kuna kamera ya dijitali ya kupigia picha mawe ya mipaka. Inakaa kwenye kabati langu. Nilimwambia bosi naiazima kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Sina dada, naye hajui. Nilidanganya hivyo mara mbili, na nikiulizwa itanibidi niseme kweli, na sijui kazi itabaki au haitabaki.

Aliyenifundisha kuitumia ni Ombeni, yule mwenye studio karibu na soko hapa Ngaramtoni, aliyekupiga picha zako za pasipoti. Naye nilimwambia ni ya kipaimara. Aliniangalia nikijaribu nje ya duka lake, akatikisa kichwa.

"Dada, wewe unapiga picha kama unagonga muhuri," akasema. "Mtu anayetembea hagongwi muhuri."

Akanionyesha kitufe chenye alama ya vijisanduku vitatu vilivyolaliana. Ukikiweka hapo, ukibonyeza na kushikilia, kamera haipigi moja ikakaa. Inapiga, inapiga, inapiga, tano kwa sekunde, hadi uachie. Wao wanaita kupiga mfululizo. Alisema harusini, bibi harusi anapomlisha bwana keki, hathubutu kupiga moja. "Nikipiga moja nitampata ameachama kama kiboko, na hiyo ndiyo mama mkwe atakayoitundika ukutani." Kwa hiyo anapiga thelathini, na kati ya hizo anachagua ambayo kila mtu amefunga mdomo. Nikamwambia mimi sitachagua. Nitazitaka zote, kwa mpangilio wake. Akaniangalia vizuri, akauliza ni kipaimara gani hicho. Sikujibu, naye hakurudia. Ndiyo maana ninamwamini.

Masika ya mwaka jana nilikaa kwenye kahawa tangu alfajiri, kamera ndani ya mfuko wa plastiki wenye tundu. Zablon akaja na panga. Nilipomwona tu, ile "karibu tena" ikanijia masikioni na kidole kikabonyeza chenyewe. Nikashikilia. Nikashikilia kwa hasira, kana kwamba namkaba. Kamera ikapiga hadi ikachoka, taa nyekundu ikaanza kupepesa, ikakataa. Ombeni alikuwa amenionya kwamba ikijaza kinywa lazima itafune kwanza, nami nikasahau. Wakati inatafuna, yeye akainama, akang'oa, akasogeza, akashindilia kwa kisigino, akaenda zake. Nilibaki na picha thelathini za mzee amesimama anatazama mawingu. Ombeni alipoziona aliuliza, "Huyu anaomba mvua?" Nilicheka mpaka nikalia, nikakaa kwenye stuli yake ya kupigia picha nikilia, na yeye akashusha pazia ili wateja wasinione.

Hilo nataka ulijue kuhusu hasira, mwanangu, kwa sababu unayo, umeirithi kwangu. Sikwambii uiache. Mimi sijaiacha. Lakini inabonyeza mapema, halafu inakuwa imejaa wakati jambo lenyewe linatendeka. Ukiwa nayo, ishike kidole.

Vuli iliyopita, mwezi wa kumi na moja, nilirudi. Mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba kwa nguvu na ikaificha sauti ya kamera. Safari hii nilimwacha atazame huku na huku apendavyo. Nilimwacha achomeke panga chini. Nilingoja hadi mikono yote miwili ikashika shina. Hapo nikabonyeza, nikahesabu hadi mbili, nikaachia. Nikaiacha imeze. Akavuta, nikabonyeza tena. Akapiga hatua, tena. Akachimba, tena. Akashindilia, tena. Zikawa picha arobaini na moja.

Ombeni amezichapisha zote, kila moja ukubwa wa kadi, na nimezipanga mezani mara nyingi mno. Kwenye ya saba mizizi iko ardhini. Kwenye ya nane imetoka, na udongo umening'inia hewani chini yake, haujaanguka bado. Kwenye ya tisa udongo umefika chini. Hakuna mtu duniani anayepanda mti udongo ukidondoka kutoka kwenye mizizi yake. Kuanzia ya kumi na nne anavuka kuja upande wetu, na nyuma yake, juu kidogo ya bega, unaonekana msalaba wa baba yako. Kila picha ina namba yake na saa yake hadi sekunde. Nilitamani kuitoa moja, ya ishirini na sita, ambapo ameinuka, ameshika kiuno, amelegeza mdomo, na ni baba yako mtupu, baba yako akipumzika baada ya kupalilia. Sikuwa nimejiandaa kuuona uso ule. Lakini ukitoa moja, namba zinaruka, na mtu atauliza kilichofichwa ni nini. Imebaki mahali pake. Alhamisi nitaipita haraka.

Sasa kuhusu Krismasi. Barua ya wito wa baraza ilimfikia katikati ya Desemba. Hakujua nina nini, alijua tu kwamba aliyesema asante amepata nguvu ya kumshtaki. Akaamua kuliua shauri kwa njia ambayo hakuna mwanamke wa kwetu angeikataa. Akangoja siku nyumba imejaa, watoto wote wamerudi, bibi amekaa kwenye kiti chake. Akaja na jani.

Ulikuwa jikoni, ulisikia nusu. Akasema, "Mama Ndeshi, mwaka unaisha. Nakuomba msamaha."

Nikamuuliza, "Wa kosa gani, shemeji?"

Akasema, "Kwa lolote lililokuudhi."

Nikamwambia, "Litaje."

Bibi akaniita jina langu la usichana, kunionya. Zablon akatabasamu, akaunyoosha mkono mbele zaidi. "Lolote," akasema. "Mungu analijua."

Hapo ndipo nilipoweka mikono nyuma. Sikuwa nimepanga. Kama angesema, nilisogeza mpaka wa mdogo wangu, nimeikaribia mifupa yake, sijui ningefanya nini. Nimejaribu kujiambia kwamba ningepokea. Nakuandikia kweli kwa sababu kesho hutakuwa karibu kuniona usoni. Nadhani nisingepokea. Shangazi yako mkubwa alinifuata hadi kwenye zizi akaniambia Zablon yuko tayari kuyarudisha masale palipokuwa, kimya kimya, bila baraza, hatua zote tano. Yaani ningeweza kulipata shamba siku ile ile. Kaburi lingekuwa salama leo hii. Nikamwambia hapana.

Kimya kimya ndivyo alivyoyatoa. Sitaki yarudi kimya kimya. Nataka Alhamisi niziweke picha mezani moja baada ya nyingine mbele ya wale wale walioniambia nimshukuru, ambao nao wameitwa barazani, na kwa kila moja nimuulize kwa sauti ya upole, kama yake, "Shemeji, hapa unapanda?" Mara arobaini na moja. Nataka avae ile miwani. Nataka yule mzee aliyesema mjane anaota wezi azishike kwa mkono wake na kumpa jirani yake, na jirani ampe mwingine, hadi zote zizunguke. Nimelifikiria hili nikiwa nafungasha nguo zako, nikiwa kanisani. Nimeona aibu kidogo kuhusu kanisani.

Inawezekana ninakosea vibaya. Baraza linaweza kukataa picha. Bosi anaweza kusikia kuhusu kamera. Nikishindwa, Zablon hatarudi na jani mara ya pili, na mvua zijazo ndizo zitakazopita juu ya kaburi. Yote hayo nimeyaweka rehani kwa ajili ya kumwona akiaibika, na nilipofanya hivyo sikukuuliza wewe, ambaye shamba ni lako. Kama utanilaumu, nilaumu kwa hilo.

Na ninaogopa, Ndeshi. Wiki iliyopita alifika ofisini, akamuuliza mlinzi natoka saa ngapi, akaondoka bila kuingia. Shangazi yako ananitumia ujumbe kwamba anayekataa isale, ubaya humpata kwenye watoto wake. Nimesoma, nina stashahada, naweza kukueleza vizuri kwa nini hilo si kweli. Hata hivyo asubuhi ulipochelewa kuamka nilikuja kukugusa paji la uso, nikakaa pale hadi nikaona blanketi linapanda na kushuka. Ulidhani nimekuja kuchukua pasi.

Usije ukajifunza kwangu kuchukia. Sikwambii hivyo ili nionekane mwema. Nakwambia kwa sababu inachosha, na wewe una hesabu na kemia za kusoma. Lakini mtu akikuomba msamaha, una haki ya kumuuliza wa kitu gani. Uliza kwa heshima, ungoje jibu, na usiseme asante kwa sababu tu watu wanasubiri.

Nakusikia unacheka na mama mwenye nyumba pale nje, kwa hiyo namalizia.

Hadi Alhamisi usipige namba yangu, ukoo wote unayo na simu itakuwa imezimwa. Ukiwa na shida, mwombe matroni aipigie studio, namba nimeiandika nyuma ya picha yako ya pasipoti. Ombeni atanifikishia, mwambie tu umefika au hujafika, umekula au hujala. Kuanzia Ijumaa simu itakuwa wazi, na nitakwambia matokeo mwenyewe, mtu mwingine akikutangulizia usimwamini. Kama ofisini wamenifukuza, usinitafute Ngaramtoni. Likizo ikifika, shuka Kikatiti, panda njia ya kanisa. Watu watakuelekeza upite kwa baba mkubwa kumwamkia kwanza. Mwamkie, ni mkubwa wako. Halafu njoo moja kwa moja kaburini kwa baba yako, tushinde au tushindwe, na masale yawe upande wowote. Nitakuwa nimejenga hapo.

Mama yako